Ubavu wa kulia au wa kushoto: moyo unapendelea upi?

Hapa Wete, Pemba, wengi tumelelewa kulalia ubavu wa kulia, kwa kuwa ndiyo sunna. Kwa mtu ambaye moyo wake umedhoofika na hausukumi damu vizuri, ubavu huo mara nyingi ndio unaompa nafuu. Akigeukia kushoto, moyo husogea na kuegemea ukuta wa kifua. Anausikia ukidunda kwenye mbavu na pumzi zinambana. Wengi huukwepa upande huo wenyewe, hata kabla daktari hajawaambia.

Kushoto nako kuna faida: aliyekula urojo wa pilipili usiku hasumbuliwi sana na kiungulia akilalia huko. Mwenye moyo mzima alale anavyopenda. Sioni sababu ya kumtia hofu.

Anayenitia wasiwasi ni mzee anayeongeza mto wa sufi, wa pili, wa tatu, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, na jioni miguu imevimba hata makubadhi yanambana. Huyo msibishane naye habari za ubavu. Mpelekeni hospitali, Chake Chake au Mnazi Mmoja, akapimwe moyo na presha.