Mafunzo ya Waamuzi Tononoka: Mpira Ukitoka, Mkimbiaji Apewe Besi Ngapi?

Kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, nilihudhuria mafunzo ya waamuzi wa softiboli na besiboli katika uwanja wa Tononoka hapa Mombasa, kwa ada ya shilingi 1,500 iliyojumuisha kijitabu na chakula cha mchana. Nimeamua mechi za vijana kwa misimu kadhaa, kwa hivyo sikufuata mambo ya mwanzo. Nilifuata suala moja ambalo limenitatiza siku zote, nalo ni besi (vituo vinne ambavyo mchezaji wa timu inayopiga huvizunguka mbio ili apate bao, cha mwisho kikiitwa nyumbani) anazostahili mkimbiaji pale mpira unapotoka nje ya eneo la mchezo. Kwa suala hilo, ada yangu imerudi yote.

Mkufunzi alianza kwa kuivunja kauli tuliyoirithi viwanjani, kwamba mkimbiaji hupewa besi anayoiendea na nyingine moja. Mara nyingi kauli hiyo huleta jibu sahihi, na ndiyo sababu imedumu, lakini sheria inataja besi mbili zinazohesabiwa kutoka besi ya mwisho aliyoishika kihalali. Chukulia kwamba mkimbiaji ameondoka besi ya kwanza, mpira wa juu ukadakwa, naye akawa anarudi mbio, kwa kuwa mpira ukidakwa hivyo ni lazima airudie besi yake. Mlinzi, yaani mchezaji wa timu iliyo uwanjani, akiutupa mpira ili amuwahi, nao ukapitiliza hadi ndani ya banda la wachezaji, kwa kauli ya viwanjani atapelekwa ya pili, ilhali haki yake ni ya tatu, mradi kwanza aiguse tena ya kwanza. Nilikumbuka uamuzi niliowahi kuutoa kinyume cha hivyo, na timu iliyoumia kwa kosa langu.

Kilichonifaa zaidi ni swali la wakati: wakimbiaji walikuwa wapi, na lini? Katika softiboli, mpira uliotupwa na mlinzi ukatoka nje huhesabiwa kwa nafasi za wakimbiaji mpira ulipoachia mkono. Katika besiboli, ikiwa mtupo huo ndio tendo la kwanza la mlinzi wa ndani (anayelinda karibu na besi) baada ya mpira kupigwa, kwa kawaida huhesabiwa tangu mrushaji alipomrushia mpigaji. Basi mkimbiaji aliyeanzia ya kwanza, akawa ameshapita ya pili wakati mlinzi huyo anatupa kuelekea ya kwanza, katika softiboli anakwenda nyumbani, lakini katika besiboli anasimama ya tatu. Mpigaji, kama hajafika ya kwanza, hupewa ya pili katika michezo yote miwili. Tuliurudia mfano huu uwanjani kwa miguu yetu wenyewe, kila mmoja akiwa mkimbiaji kwa zamu, na sidhani kuna mtu atakayeusahau.

Mengine yalipita haraka, nayo ni mepesi: mpira wa mrushaji ukimpita mdakaji ukatoka nje, kila mkimbiaji husogea besi moja; na mpira halali, yaani uliopigwa ndani ya mistari, ukidunda uwanjani kisha ukaruka uzio, ni besi mbili tangu mrusho.

Sehemu ya Jumapili ilihusu mpaka wenyewe, na hapa nampongeza mkufunzi kwa dhati, kwa sababu alifundisha kwa viwanja tulivyo navyo. Viwanja vyetu vingi havina uzio, na watazamaji husimama karibu na mstari. Alisisitiza kwamba kabla ya mechi mwamuzi awaite makocha wote wawili, watembee pamoja, wakubaliane mpira unafia wapi, yaani ukipita wapi unahesabiwa umetoka nje na mchezo unasimama, na mstari huo uchorwe kwa chokaa uonekane. Bila mstari huo, mlinzi akidaka kihalali kisha akaangukia nje, huwezi kusema kwa uhakika kwamba wakimbiaji wamepata besi moja.

Kasoro kubwa ni kijitabu. Kinachanganya michezo miwili katika aya moja, hata ukurasa wa mitupo iliyotoka nje unaeleza kanuni ya besiboli chini ya kichwa cha softiboli, na asiyekuwepo uwanjani akikisoma peke yake atapotoka. Waandaaji wakichapishe upya kabla ya kukiuza kwa kundi jingine. Changu nimekipitia kwa kalamu mbili, nyekundu kwa besiboli na buluu kwa softiboli, na ndivyo ninavyokibeba mechini.