Stihl 070 au Husqvarna 272, ipi ya kufufua?

Msumeno wa moto wa zamani ukiutafuta hapa Pemba mabishano yanaishia kwenye mbili hizi, 070 ya Mjerumani na 272 ya Mswidi.

070 ni jitu bwana, injini cc 106, ukitoa baa (ule ubapa mrefu wa chuma mnyororo unaozunguka) na mnyororo wenyewe bado ni kama kilo 10, na nyingi hazina breki ya mnyororo wala mipira ya kuzuia mtetemo, ukishinda nayo kwenye gogo la mwembe jioni kikombe cha kahawa unakishika kwa mikono miwili. Ila kuitengeneza raha! Zile za mwanzo zina platini, vile vibati vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, ikigoma kuwaka unafungua gurudumu la sumaku, unapitisha msasa laini, unarudishia nafasi yake, basi. Fundi yoyote wa vespa za zamani anakufanyia.

272 ina cc 72, nyepesi, breki ipo, mikono haifi ganzi. Lakini moto wake ni wa elektroniki, koili (inayoipa plagi umeme) ikifa ishakufa hapo hakuna cha msasa. Na sili za krenki, yaani mipira inayoziba pembeni mwa shafti ya injini, zikizeeka inavuta hewa, utaisikia inapanda mzunguko yenyewe hujagusa kitu, izime hapohapo maana pistoni inaungua.

Spea za Kichina zipo za zote, mimi ringi zake za pistoni siziamini.

Kupasua mbao nachukua 070 bila kufikiri, kupogoa na kukata miti midogo 272. Kibali cha misitu lakini upate kwanza, usije ukanyang'anywa mashine ndo kwanza imewaka.