Taa nyekundu ya kushika mkononi: miezi 5 begani kwangu, miezi 3 gotini kwa mama

Mi ni msusi, huu mwaka wa 14 sasa, na yeyote anayesuka knotless ndogo ndogo ananielewa nikisema mikono inashinda hewani masaa 6 mpaka 7, ukimaliza kichwa bega la kulia huwezi hata kulipeleka mgongoni ufunge sidiria. Mwaka jana mwishoni ikafika hatua nalala upande mmoja tu, nikijigeuza usingizini naamka kwa maumivu, na gumba nalo linauma pale kwenye shina lake kwa ajili ya kubana nywele kutwa. Nilikuwa nameza diclofenac, dawa ya maumivu, kila siku mpaka tumbo likaanza kuwaka moto ndo nikaenda hospitali, nikaambiwa kano za bega zimevimba kwa kazi, nikapewa mazoezi na nikaambiwa zile dawa nipunguze haraka. Sa hapo katikati ndo nikakutana na hii taa ya kumulika sehemu inayouma.

Nilinunua Kariakoo kwa 165,000, muuzaji alianzia 240,000. Ukiishika ni kama mashine ya kunyolea iliyonenepa, ya chuma, nzito kidogo, kwa mbele ina kioo na ndani yake vitaa vitano. Kitufe ni kimoja, unabonyeza inawaka dakika 3 inajizima yenyewe. Chaji ni Type C, ikijaa inanisukuma siku 4 hivi. Kwenye boksi wameandika nanomita 660 na nanomita 850, yani urefu wa mawimbi ya mwanga wake, hizo namba mbili ndo kitu cha kwanza kuangalia kabla hujatoa hela.

Siku ya kwanza nilitaka kuirudisha. Nimefika nyumbani naiwasha, vitaa viwili vinawaka nyekundu kali, vitatu viko kimya kabisa, nikasema hapa nimeuziwa bovu. Nikampigia muuzaji akanijibu dada we tumia tu ndo zilivyo, nikimuuliza ndo zilivyo vipi hana jibu. Kesho yake nikampelekea kijana fundi simu pale jirani na saluni, hata hakuifungua, akatoa simu yake akawasha kamera ya mbele akaniambia dada hebu tazama huku. Kwenye kioo cha simu vile vitaa vitatu vinawaka vyeupe vyenye zambarau, vile vile rimoti ya tv inavyoonekana ukiibonyeza mbele ya kamera. Kumbe ndo hizo 850, mwanga wake jicho la mtu karibu haliuoni. Usiku nikazima taa ya chumba nikaangalia tena, kuna uwekundu hafifu sana kama kaa linalozimika. Kwahiyo ukienda kununua fanya hicho kipimo palepale dukani, na utumie kamera ya mbele maana ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachoukata huo mwanga.

Na hivyo visivyoonekana ndo vya maana zaidi kwa maumivu ya ndani. Mwanga wa 660 sehemu kubwa unaishia kwenye ngozi na chini yake kidogo, wa 850 unazama zaidi, unafika kwenye misuli na kwenye viungo visivyojificha sana kama goti, kiwiko, vidole. Sisi wenye ngozi nyeusi hapa tukae macho, ile rangi ya ngozi yenyewe inafyonza mwanga, na inaufyonza mwekundu kuliko huo usioonekana, sasa mashine yenye mwekundu peke yake ukiweka kwenye ngozi kama yangu mwingi unabaki juu. Hili sijamsikia muuzaji hata mmoja akilisema na wateja wao wote ni weusi! Nyonga je? Nyonga imekaa ndani mno, hela yako usiipeleke huko.

Watu wengi wanadhani kinachotibu ni joto. Hapana. Kuna mteja wangu kwao wanaota ile taa nyekundu ya vifaranga kwa ajili ya mgongo, ile ni joto tupu, inatuliza kama kitambaa cha maji ya moto na ukizubaa inakuunguza. Hii ni habari nyingine, maelezo yanayotolewa ni kwamba ndani ya chembe za mwili mna mitokondria, ndo viwanda vya nguvu vya mwili, na mna kimeng'enya humo kinachofyonza mwanga wa aina hii, chembe inapata nguvu ya kujitengeneza na uvimbe unapungua. Na sio kitu cha juzi, mwaka 1967 huko Budapest daktari wa Hungaria, Endre Mester, aliwanyoa panya akawamulika leza akitaka kujua kama italeta kansa, kansa hakuiona ila manyoya yakaota upesi kwa wale waliomulikwa. Mimi msusi niliposoma hiyo nilikaa nikaisoma mara ya pili.

Ila tuseme ukweli kuhusu ushahidi. Kwa magoti yaliyosagika kuna uchambuzi ulitoka mwaka 2019 kwenye jarida la BMJ Open, walikusanya majaribio 22, wakaona maumivu yanapungua pale dozi ilipokuwa sahihi, yani joule (kipimo cha nishati) 4 mpaka 8 kwa kila sehemu unayomulika kwa mawimbi ya nanomita 785 mpaka 860. Lakini ile ni leza ya kliniki, imeshikwa na mtu aliyesomea, sio hivi vitaa vya LED tunavyonunua Kariakoo. Kwahiyo nguvu ya mashine ni jambo kubwa. Yangu wameandika milliwati 100 kwa sentimita mraba, ukipiga hesabu dakika moja inakupa joule 6 kwa kila sentimita mraba, kama walichoandika ni kweli. Na kuzidisha hakuongezi kitu, mwanga ukizidi sana faida inashuka, usikae nayo nusu saa sehemu moja ukidhani unaharakisha.

Sasa bega langu. Wiki mbili za kwanza hakuna kitu, nilikuwa namulika kila usiku baada ya kuoga, dakika 3 mbele ya bega, 3 pembeni, 3 nyuma, alafu gumba dakika 3, kioo kinagusa ngozi kabisa. Gumba ndo lilitangulia, wiki ya tatu nikaona nabana nywele bila kukunja uso. Bega likafuata taratibu, asubuhi moja nikaamka nikajikuta nimelalia upande wa kulia, nilikaa kitandani nikalia kidogo maana ilikuwa miezi.

Ila mwezi wa tatu nikafanya kosa ambalo limenifundisha kuliko boksi zima. Kazi za Idi zilinibana, vichwa viwili kwa siku, nikaacha mazoezi niliyopewa hospitali, yale ya kuvuta mpira na kutambaza vidole ukutani, nikabaki na taa peke yake. Wiki mbili tu bega likakaza kama mwanzo, na taa nilikuwa namulika kila siku bila kukosa. Nikarudi kwenye mazoezi, nikawa namulika kwanza ndo nafanya, siku kumi likaachia. Hapo ndo nikaelewa hii kitu kazi yake nini kwangu, inanipunguzia maumivu kiasi kwamba naweza kufanya mazoezi bila kung'ata meno, na mazoezi ndo yanalijenga bega. Mtu akikuuzia akakwambia taa peke yake inatosha, kwangu haikutosha.

Mama yuko Muheza, ana miaka 68, magoti yote mawili ute umepungua kama wanavyosema, la kushoto ndo baya. Ana presha, na dawa hizi za maumivu zinaweza kuipandisha presha na kuumiza figo, ndo maana nikamnunulia ya kwake. Nikamwelekeza kwa simu. Mwezi ukapita namuuliza ananiambia mwanangu naona bado bado tu. Nikasafiri mwenyewe. Nimefika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamwambia hebu nionyeshe unavyofanya. Akachukua chupa ya dawa ya kuchua, akajichua goti mpaka linang'aa, akashusha kanga, akaweka taa juu ya kanga. Mwezi mzima alikuwa anamulika kanga! Na kioo kimeganda mafuta huwezi kuona vitaa. Sikumlaumu, mimi ndo sikumwambia, na yeye ni mtu wa stara hakai magoti wazi sebuleni. Nikasafisha kioo kwa kitambaa na spiriti kidogo, nikamwambia mama hii inatumika chumbani umejifungia, ngozi kavu, haina kanga haina dawa, unagusisha hapa ndani ya goti, hapa nje, na huku chini ya kifuniko cha goti, kila sehemu mpaka ijizime. Nikazichora zile sehemu kwa kalamu ya wanja kwenye goti lake akacheka sana.

Tangu hapo miezi miwili. Goti halijapona, mfupa uliosagika haurudi kwa taa na nisingependa mtu anunue kwa tumaini hilo. Ila asubuhi hachukui tena nusu saa kunyoosha mguu, na panadol anameza mara mojamoja, sio kila siku.

Muuzaji wangu alikuwa na karatasi inasema taa inatibu kisukari, nguvu za kiume, uvimbe tumboni, na kwamba ni teknolojia ya NASA, shirika la anga la Marekani. NASA ni kweli waligharamia utafiti wa hizi LED miaka ya 1990, walianzia kwenye kuotesha mimea ya safari za anga, ila hawajaidhinisha tochi yoyote ya mtu. Na hata FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, vifaa vya aina hii inaviruhusu kwa mambo kama kupunguza maumivu madogo ya misuli na viungo kwa muda, sio kwa hayo ya kwenye karatasi. Hapa kwetu vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, muulize muuzaji kama chake kimesajiliwa uone anavyokujibu. Uvimbe ndo naomba sana jamani, ukiwa na uvimbe usioujua au kansa usimulike pale, nenda hospitali. Mjamzito usiweke tumboni. Anayetumia doxycycline au dawa nyingine inayofanya ngozi iungue na jua aulize kwanza. Macho usiyaelekezee kabisa, huo mwanga usioonekana jicho halishtuki likafumba kama linavyofanya kwenye mwanga mkali. Na goti likivimba ghafla likawa la moto na una homa, hiyo sio ya taa, hiyo ni ya daktari siku hiyohiyo.

Malalamiko yangu kwa mashine yenyewe, betri imeanza kuchoka mwezi wa nne, siku 4 zimekuwa 2. Kichwa cha mashine kinapata joto ukimulika mara ya tatu mfululizo, nalazimika kuiacha ipoe. Nyuma ya bega hufiki mwenyewe, namwomba msaidizi wangu saluni. Karatasi ya maelekezo ni Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, haisemi popote kwamba uweke kwenye ngozi tupu, hiyo imemgharimu mama mwezi. Kwa bei ile wangeweza kuandika mistari mitatu ya Kiswahili.

Kati ya nyota 5 naipa 3 na nusu. Kwa wasusi wenzangu, mafundi cherehani, wapiga pasi, mwenye gumba au kiwiko au bega la kazi, na tayari ana mazoezi kapewa, naona inalipa. Kama hela ni ya kuchagua kati ya hii na kumuona mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anza na mtaalamu.

Wiki iliyopita nilikuwa Muheza tena. Naingia uani namkuta mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi mwenyewe, kitu ambacho alikuwa amemwachia mjukuu kwa zaidi ya mwaka. Kunyanyuka bado ananipa mkono nimvute. Wanja wa kwenye goti ulishafutika zamani, akaniambia nimchoree upya.