Priampu ya maiki: ipi ya kununua kwa studio ya nyumbani Mwanza

Anayeanza kurekodi nyumbani kwake Nyakato au Buhongwa huwa ameshanunua maiki kabla hajaulizia priampu, na swali hilo humjia baada ya kusikiliza kazi yake ya kwanza akakuta sauti ni hafifu na nyuma ya kila neno kuna kelele ya shii isiyoisha. Priampu ndiyo inayopokea umeme mdogo mno unaotoka kwenye maiki na kuukuza mpaka ufikie kiwango ambacho kifaa cha kurekodia kinaweza kukifanyia kazi. Hapa nimepanga chaguo tano, kuanzia lile ambalo ningelinunua kwanza kwa fedha yangu hadi lile ambalo ningeliacha dukani, nikimfikiria mtu anayerekodi katika nyumba ya kawaida ya mjini, yenye bati juu, feni ndani na umeme ambao unaweza kukatika katikati ya ubeti.

Mpangilio huu unatokana na hesabu, kwa hiyo ni vema tuianze. Maiki ya Shure SM58, ambayo karibu kila kanisa na kila ukumbi unayo, hutoa milivolti 1.85 inapopokea sauti ya desibeli 94. Mtu anayezungumza kwa utulivu, mdomo ukiwa sentimita kumi kutoka kwenye maiki, hufikia takriban desibeli 80 tu, na kwa sauti hiyo maiki hutoa chini ya nusu ya milivolti. SM7B, ambayo watangazaji wa podikasti wanaipenda, ni nzito zaidi kuamka: kwa desibeli 94 hutoa milivolti 1.12. Ili sauti ya namna hiyo ifae, inahitaji kukuzwa kwa desibeli 60 hivi, ambazo maana yake ni kuzidishwa mara 1,000. Kifaa chenye geini (uwezo wa kukuza sauti) ya desibeli 50 kitakulazimisha uzungushe kitufe hadi mwisho na bado uongeze sauti ndani ya kompyuta.

Sehemu ya pili ya hesabu ndiyo ambayo wauzaji hawaisemi. Kila priampu ina kelele yake ya asili, na kwa maiki yenye ukinzani wa ohmu 150 hakuna fundi duniani awezaye kuishusha chini ya takriban -131 dBu (kipimo cha nguvu ya umeme wa sauti; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, kelele ni ndogo zaidi), kwa sababu kelele hiyo inatokana na joto la waya wenyewe. Vifaa vingi vya leo, hata vya bei ya kawaida, viko kwenye -127 au -128. Ukiiunganisha SM58 na priampu ya -128, kelele ya priampu hiyo ni sawa na kuwa na sauti ya desibeli 18 chumbani. Chumba chenye feni inayozunguka polepole hufika desibeli 35 bila shida, na hapo hatujataja bodaboda inayopanda kilima wala jenereta ya jirani. Kwa hiyo anayelipa mara kumi zaidi ili apunguze desibeli mbili za kelele ya priampu, huku feni inazunguka, amenunua kitu ambacho chumba chake hakitamruhusu akisikie. Kinachomfaa zaidi ni geini ya kutosha na umeme uliotulia.

Nafasi ya kwanza, basi, naipa saundi kadi ya USB, kijiboksi kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, yenye priampu ndani yake. Kati ya hizo, Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne ndiyo ningeianza, kwa kuwa geini yake inafika desibeli 69, wakati kizazi cha tatu kiliishia 56. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, na ndiyo sababu unapaswa kusoma maandishi ya boksi kwa makini, kwa maana vizazi vyote viwili hufanana rangi na bado vinauzwa. Scarlett Solo ya kizazi cha nne ina desibeli 57, inayotosha kwa maiki ya kondensa (aina inayohitaji kulishwa umeme ili ifanye kazi) na kwa mwimbaji mwenye kifua, lakini haitoshi kwa SM7B na msimuliaji mpole. MOTU M2 ina 60, Audient iD4 ina 58, na zote mbili ni vifaa ambavyo nisingemkataza mtu. Mwenye bajeti ndogo achukue Behringer UMC202HD, ambayo priampu zake zimesanifiwa na Midas, watengenezaji wa mikseri, aitumie na maiki ya kondensa, ambayo yenyewe hutoa umeme mwingi zaidi.

Kinachozipa saundi kadi hizi nafasi ya kwanza hapa kwetu si sauti peke yake. Zinakula umeme kupitia waya ule ule wa USB, kwa hiyo umeme wa nyumba ukikatika unaendelea kurekodi kwa betri ya kompyuta, na mwimbaji hajui kilichotokea. Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne ina hata tundu la pili la USB-C la kuiongezea umeme pale ambapo kompyuta haitoi wa kutosha. Tena, nyumba nyingi za kupanga zina soketi zenye tundu la ethi lisilounganishwa na kitu chochote, na chaja ya laptopu ikichomekwa humo huleta mvumo wa hezi 50 ndani ya rekodi. Niliwahi kumrekodia mwalimu mmoja wa kwaya kule Igoma solo nzima yenye mvumo huo. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha maiki, tukalaumu priampu, hadi kijana mmoja alipochomoa chaja ili achomeke simu yake na mvumo ukakoma hapo hapo. Mwalimu alinitazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo najaza betri kabla ya kazi na kuchomoa chaja wakati wa kurekodi.

Nafasi ya pili ni kiongeza geini, kijiboksi kinachowekwa kati ya maiki na saundi kadi. Cloudlifter CL-1 huongeza desibeli 25, na FetHead ya TritonAudio huongeza 27. Vyote hutumia umeme wa fantomu, yaani ule wa volti 48 unaopita ndani ya kebo ya maiki kutoka kwenye saundi kadi, na haviupitishi kwenda kwenye maiki, kwa hiyo ni salama hata kwa maiki ya riboni, ile yenye utepe mwembamba wa chuma ndani. Kama tayari una saundi kadi ya desibeli 50 na maiki ya dainamiki, aina isiyohitaji kulishwa umeme kama SM58 na SM7B, hiki ndicho cha kununua, na huna sababu ya kubadilisha saundi kadi. Kwa maiki ya kondensa hakifai, kwa kuwa kondensa itakosa umeme wake.

Nafasi ya tatu ni ya wanaorekodi watu wengi kwa pamoja: kwaya, kikundi cha kaswida, au ngoma za bugobogobo zenye maiki kwa kila ngoma. Hapo tafuta priampu nane. Behringer UMC1820 inazo nane ndani yake, na ukitaka kuongeza nyingine nane unaiunganisha na ADA8200 kwa kebo moja ya mwanga, kwa njia ya ADAT, mfumo wa kusafirisha sauti ya kidijitali, inayobeba chaneli nane katika kiwango cha kilohezi 48. Ngoma hazihitaji geini kubwa. Tatizo lake ni sauti kupasuka, kwa hiyo angalia kama priampu ina kitufe cha kupunguza sauti inayoingia. Vifaa hivi vinahitaji umeme wa ukutani, na mwenye navyo anunue UPS siku hiyo hiyo.

Priampu ya nje ya hadhi ya juu naiweka nafasi ya nne, na najua maprodyuza watanipinga. Focusrite ISA One ni kifaa kizuri sana: ina transfoma ya Lundahl, geini ya desibeli 80 na uwezo wa kuchagua ukinzani wa kuingilia, jambo linalobadilisha kidogo tabia ya maiki ya dainamiki. Zipo pia zinazofuata usanifu wa Neve 1073, priampu mashuhuri ya studio ya mwaka 1970, kama Golden Age Project Pre-73, ambazo transfoma zake huinenepesha sauti unapozikaza. Sikatai utamu wake. Ila bado utahitaji saundi kadi ya kuipokea, na fedha hiyo ingeweka kwanza godoro kuukuu ukutani, mapazia mazito, na dari chini ya bati, vitu ambavyo mvua ya Machi itavidai kabla ya Neve. Studio iliyokwisha kutengeneza chumba chake na inayolipwa na wateja inaweza kuipandisha hadi nafasi ya kwanza.

Ya mwisho ni priampu ya bei rahisi inayotumia valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Valvu nyingi za namna hiyo huendeshwa kwa volti ndogo kuliko zinavyotaka, nazo hutoa ukungu ambao hauondoki tena kwenye rekodi.

Dukani, omba kujaribu kwa hedifoni na kwa laptopu isiyo kwenye chaja. Chomeka maiki, zungusha geini polepole na usikilize robo ya mwisho ya kitufe, kwa kuwa vifaa vingine hurundika geini yote hapo na shii huruka ghafla. Kama kifaa ni cha mtumba, beba mita ya fundi umeme: washa fantomu, weka waya mweusi kwenye tundu la 1 la XLR (soketi ya matundu matatu ya kebo ya maiki) na mwekundu kwenye tundu la 2, usome. Kiwango kinachokubalika ni volti 44 hadi 52. Cha kwanza nilichonunua mimi kilisoma 31, na nilikipima nikiwa nimeshafika nyumbani.