Machame kwa miguu: huduma niliyopata, na neno langu kuhusu kebo

Nyota nne kwa kampuni iliyotupandisha Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Ya tano imebaki kwenye zipu ya hema letu, iliyogoma kufunga tangu kambi ya Shira, na kwenye "kesho tutarekebisha" tuliyoambiwa kila jioni. Kwa baridi ile, kesho ni mbali.

Mengine hongera zao. Getini mizigo ilipimwa mbele yetu, na mgumu, yaani mpagazi, aliyekutwa na mzigo uliopita kilo 20 alipunguziwa palepale bila mabishano. Bisi na chai ya tangawizi vilitutangulia kambini. Kila jioni kiongozi alitubana kidole kwa kipima oksijeni, akaandika daftarini, kisha akaanza maswali: umekula? kichwa je? Mwenzetu mmoja alijibu "niko fiti" na sahani yake imejaa. Akaambiwa, "Dada, mlima hauna haraka. Kula kwanza."

Sasa hili la kebo, yaani wazo la kupandisha watalii mlimani kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, maana kila niliyemsimulia safari ameniuliza. Tangu serikali ilipolitaja wazo hilo mwaka 2019, upande huuhuu wa Machame, watetezi wake wanasema litawafikisha wazee, watoto na wasio na siku za kutosha. Hoja hiyo siibezi. Mama yangu magoti hayamruhusu hata ngazi za ghorofani. Lakini barabara ya magari tayari inafika uwanda wa Shira kwa kupitia geti la Londorossi, karibu mita 3,500. Nikitaka mama aione Kibo, kilele kikuu, kwa karibu, nitampitisha huko.

Geti la Machame liko mita 1,800 hivi, na kambi ya Shira ni kama 3,800. Mwili unahitaji muda kati ya hapo na pale ili uizoee hewa nyepesi ya juu. Anayepanda kwa kebo na kushuka muda si mrefu pengine ataumwa kichwa tu, basi. Ninayemwogopea ni yule atakayejiona amefika kwa urahisi, akaamua kuendelea. Sisi tulipandishwa hadi Lava Tower, mita 4,600, tukala mchana huku kunguru wenye kola nyeupe wakivizia mkate, halafu tukashushwa kulala Barranco, karibu mita 3,900. Nilinung'unika njia nzima, kupanda ili ushuke! Asubuhi niliamka na hamu ya uji, wakati jana yake hata harufu ya supu ilinichefua.

Halafu kuna mkate wa watu. Mgeni wa kebo hahitaji hema wala mpishi, wala wa kumbebea mtungi wa gesi. Pale kambi ya Karanga nilimuuliza mgumu mmoja anaionaje. Akagusa kata yake: "Ada ya watoto inatoka hapa kichwani, dada. Hiyo waya itaniajiri nibebe nini?" Sikuwa na jibu, na sijasikia mtetezi wa kebo akilitoa kwa hesabu inayoeleweka.

Kwa unayepanga safari: hema lifunguliwe mbele yako kabla ya kuondoka Moshi, zipu zote zijaribiwe. Getazi, vile vifuniko vya kuzuia tope juu ya viatu, usiziache, tope la msituni mvua ikinyesha halina adabu. Na bakshishi mpe kila mgumu mkononi mwake, ukiwa umemuuliza jina.