Besi ya zamani: kusafisha poti au kuweka mpya?

Gitaa la besi la zamani likikwaruza spikani kila ukigusa nobu, mara nyingi poti (kifaa kilicho chini ya nobu, kinachopandisha na kushusha sauti) imechafuka au imelika. Hapa Kampala mafundi wengi hukimbilia kung'oa na kuweka mpya. Mimi huanza na kusafisha.

Napuliza dawa ya swichi kidogo tu ndani ya poti, kisha nazungusha nobu mara thelathini hivi. Vumbi letu jekundu na kutu nyepesi hulegea. La maana zaidi, namba iliyo mgongoni mwa poti inabaki. 1376632, kwa mfano, husomwa hivi: 137 ni kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka 1966, 32 ni wiki poti ilipotengenezwa. Mnunuzi anayejua huitafuta hiyo kabla hata ya kupiga noti.

Ila utepe wa kaboni ulio ndani ya poti ukishalika, dawa haisaidii. Weka poti mpya ya kilo-omu 250, lakini pima mhimili wake, yaani kijiti kinachoshika nobu: nobu ya milimita 6.35 hulegea kwenye mhimili wa milimita 6. (Nimewahi kuokota nobu moja iliyochomoka chini ya jukwaa, wimbo ukiendelea.) Poti ya zamani usiitupe, ifunge kwenye karatasi, ikae ndani ya kasha la gitaa.