Maziwe na watoto watatu: pomboo wasio na mshahara

Chanzo cha safari ni video. Binamu yao wanangu, anayeishi Abu Dhabi na wazazi wake, alipelekwa SeaWorld ya kule, bustani ya wanyama wa bahari na michezo, ile iliyofunguliwa mwaka 2023 kwenye kisiwa cha Yas, akawarushia wenzake video karibu ishirini. Pengwini wamejipanga kwenye barafu katikati ya jangwa, pomboo wanaruka, treni inapita juu kwa juu watu wanapiga kelele. Wiki nzima nyumba yetu ya Chumbageni haikuwa na habari nyingine. Binti yangu wa miaka tisa akaniuliza mbele ya wageni, "Baba, na sisi Tanga tuna nini?"

Aibu ilioje. Tanga raha, tunajisifu, lakini raha ya mtoto iko wapi? Raskazone wameogelea mpaka wamepachoka. Mapango ya Amboni wamepelekwa na shule mara mbili. Bembea za hapa mjini zinalia kuliko watoto wanaozipanda. Mama watoto ndiye aliyesema: si tuwapeleke Maziwe? Tumezaliwa mkoa huu, tumeisikia mpaka tumezeeka, hatujawahi kukanyaga.

Kwa asiyejua, Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari, kama kilomita nane kutoka Pangani. Ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975. Hakuna nyumba, hakuna duka, hakuna mti. Chini yake na kuizunguka ni matumbawe, na hayo ndiyo mtu anayoyafuata.

Tulitafuta watu wa kutupeleka kwa simu. Jina la kampuni nalihifadhi, kwa sababu yatakayofuata si ya kumpaka mtu. Bei tuliyopewa ilikuwa ya watu watano, chakula ndani, miwani ya kuzamia ndani, majaketi ndani. Tulipofika ufukweni, "ndani" ikawa imetoka nje. Miwani ni hela ya pembeni, na ada ya hifadhi nayo haikuwemo. Ada yenyewe sina ugomvi nayo, raia tunalipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, na unapewa namba ya malipo unalipia kwa simu. Kilichoniudhi ni kuambiwa nimeshavua viatu. Tofauti ilifika elfu sitini. Ukipiga simu, waambie wakuandikie kila kitu kwenye ujumbe, kimoja kimoja.

Kutoka Tanga tuliondoka alfajiri. Njiani tulipita Kigombe nikawasimulia watoto habari za silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka zama za kale, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa pwani yetu hii hii wamekuwa wakimtoa kwenye nyavu. Hifadhi ya bahari ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, imebeba jina lake. Kijana wangu wa miaka kumi na mbili akauliza kama analiwa. Nikamwambia nasikia hana ladha. Akasema, "Ndiyo maana amebaki."

Ahadi ilikuwa kung'oa nanga saa moja na nusu. Tuliondoka saa nne na dakika kumi. Mara mafuta, mara kuna wageni wengine wako njiani, mara jiko la mkaa limesahaulika. Naomba msomaji ashike hili la muda, maana ndilo kosa kubwa la siku nzima na mimi mwenyewe sikulijua hadi baadaye. Nilidhani nimecheleweshewa starehe kwa saa mbili na ushei, kama mtu anavyocheleweshewa basi. Nahodha wetu, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa anatazama maji ya mto na kutafuna mdomo. Nikamwendea: "Shikamoo mzee, mbona umenuna?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Leo mwezi kumi na sita. Maji hayamsubiri mtu."

Kutoka mlango wa Mto Pangani ndiyo bembea ya kwanza. Maji ya mto, ya rangi ya chai ya maziwa, yanakutana na bahari, na hapo katikati boti inapanda na kushuka kama inapita kwenye matuta. Kitinda mimba, ana miaka sita, alipiga kelele ya furaha ambayo sijawahi kuisikia. Dada yake alinishika shati. Baada ya robo saa maji yakawa ya buluu na boti ikatulia.

Tukawaona pomboo. Watatu, labda wanne, migongo tu, inatoka na kuzama, inatoka na kuzama, kisha kimya. Binti yangu akangoja. Akamgeukia baharia kijana aliyekuwa mbele: "Mjomba, mbona hawaruki?" Baharia hakucheka hata kidogo. "Hawa hawana mshahara, bibie."

Nimeifikiria sana kauli ile. Kule kwenye video pomboo anaruka kwa saa maalumu na analishwa samaki mkononi. Kampuni ya Marekani yenye jina hilo, iliyoanza San Diego mwaka 1964, ilijijengea jina kwa nyangumi wauaji wa kuchezeshwa, na mwaka 2016 ikatangaza kuwa haitawazalisha tena baada ya kelele nyingi za watu. Hii ya Abu Dhabi haina kabisa. Simlaumu mtoto kutaka kuona pomboo akiruka, hata mimi nilitaka. Lakini jiandae: hapa huenda ukaona sekunde kumi, huenda usione kitu, na hakuna wa kumdai.

Maziwe inaonekana ghafla, mstari mweupe unaoumiza macho. Tulishuka saa tano na robo. Mchanga ni laini kama unga wa muhogo na joto lake halitanii, viatu usiviache botini. Kivuli ni kile mlichokuja nacho. Sisi tulikuwa na mwavuli mmoja, mabaharia wakafunga turubai kwenye makasia mawili, familia tatu tukabanana chini yake kama abiria wa daladala. Na kwa wenye watoto, choo hakuna. Niseme wazi kwa sababu hakuna anayesema.

Nahodha alinionyesha kwa mkono: "Hapa palikuwa na mivinje." Alipokuwa kijana wavuvi walikuwa wanalala chini yake, na usiku kasa wanapanda kutaga mpaka unamsikia anavyofukua. Mivinje ilianza kuanguka, bahari ikawa inamega kisiwa, na kufika miaka ya mwanzo ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Kasa hawakuambiwa. Wameendelea kuja kutaga kwenye fungu ambalo maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanalifunika lote, na mayai yakizama yanaoza. Ndiyo maana watu wa uhifadhi huyachukua na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo.

Basi tuje kwenye maji. Miwani niliyopewa ilikuwa inavuja jicho la kushoto, ya mama watoto ilikuwa na mpira uliokatika ukafungwa fundo. Mama watoto aliingia na dera lake, likafura juu ya maji kama konyeza, tukacheka wote hadi baharia. Binti alikataa kata kata. Alisimama maji ya kiunoni akasema anaona vizuri tu kwa juu. Nikamshika kidole kimoja, nikamwambia aweke uso kwa kuhesabu hadi tano. Akahesabu tatu akatoka. Mara ya pili alikaa. Mara ya tatu nilihisi kidole changu kinabanwa kwelikweli, nikadhani anazama, kumbe amemwona pono.

Pono wa buluu na waridi, mkubwa kuliko mkono wangu, anang'ata tumbawe. Na ukitulia unamsikia. Sauti ndogo kavu, krr, krr, kama mtoto anayetafuna barafu chumba cha pili. Tulibaki pale mimi na yeye, uso majini, sijui muda gani. Nyuma ya pono palikuwa na kundi la samaki wadogo wa mistari, na kiti cha pweza chekundu kimelala mchangani, lakini yeye alikuwa na huyo mmoja tu. Tukaona akinyanyuka kidogo na kuachia nyuma yake wingu jeupe.

"Baba, kile nini?"

Nikamweleza ninavyojua: pono anasaga tumbawe kwa meno, anakula kilichomo, na unga unaobaki anautoa kama mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe hizi ni kazi yake na ya wenzake.

Akaitazama Maziwe yote, turubai, watu, sufuria ya wali. "Kwa hiyo tumekaa juu ya kinyesi cha samaki?"

Habari hiyo ilifika kwa ndugu zake kabla hatujatoka majini, na hakuna kilichoizidi safari nzima.

Sasa ule muda. Tulipata kama dakika arobaini za maji tulivu. Kisha mkondo ukaanza. Siku za bamvua maji huku kwetu hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita tatu. Hayo maji yote lazima yarudi. Yanaporudi yanavuta, yanavuruga mchanga, na matumbawe uliyokuwa unayaona karibu na miguu yanakuwa mbali chini yako. Tungeondoka saa moja na nusu tungekuwa na saa mbili nzima kabla ya maji kugeuka, tukiwa fresh, jua bado la asubuhi. Tulifika wakati mlango unafungwa. Baharia aliwatoa watoto majini mwenyewe, na namshukuru, alijua kazi yake. Lakini aliyepanga ratiba alijua mwezi ni wa ngapi au hakujali, na sijui lipi baya zaidi.

Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kuficha. Changu wa kuchoma, wali wa nazi, kachumbari, tikiti. Tulikula maji yakipanda. Kwanza yalikuwa mbali, kisha kijana wangu akachomeka fimbo ya mwavuli kwenye ukingo wa maji kupima, akaihamisha mara nne wakati tunakula. Kufika saa tisa kasoro Maziwe ilibaki kama uwanja wa mpira wa wavu, na zile familia tatu zilizokuwa hazijuani zimesogeleana katikati na vyombo vyao. Kitinda mimba akauliza kama kisiwa kinakufa. Nahodha akamwambia kinakwenda kuoga.

Kurudi ni upepo wa mchana na mawimbi ya ubavu. Tulilowa wote. Mke wa jirani yetu wa turubai alitapika, binti yangu naye akafuata. Majaketi yalikuwepo ya watu wazima matano na ya watoto mawili, sisi peke yetu tulikuwa na watoto watatu. Hilo silisamehi. Kitinda mimba nilimvisha la kwake mimi mwenyewe kwa mikono, nikafunga kamba mara mbili kifuani pake, na nikakaa nimemshika njia nzima. Ukienda, hesabu majaketi kabla ya boti kusukumwa, na kama hayatoshi rudisha watoto nyumbani.

Nyota? Maziwe yenyewe naipa tano bila kufikiri. Waliotupeleka nawapa mbili, na hizo mbili ni za nahodha, baharia na mpishi.

Tulilala Pangani, asubuhi tukavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, tukaenda Ushongo kuyaona mayai. Utaona vijiti na kamba, mchanga tu. Kijana anayelinda alituonyesha kibao chenye tarehe, akaeleza kwamba mayai hukaa siku hamsini hadi sitini hivi, na kwamba mchanga wa moto hutoa majike wengi, wa baridi madume. Kiota kilichokuwa karibu, kwa hesabu yake, kingefunguka kesho kutwa. Jumatatu ni kazi na shule. Binti alikaa kwenye mchanga kando ya ile kamba akasema yeye anangoja, sisi twende.

Yule kijana alichukua namba yangu na ahadi akaitimiza. Jumanne jioni ikaja video ya dakika moja: mchanga unatetemeka, kichwa, kichwa kingine, kisha wanamwagika kama dengu zilizotoboka gunia, wanakimbilia maji. Binti akaituma Abu Dhabi bila neno lolote.

Binamu akajibu kuuliza wanaonyeshwa tena lini.

Binti akaniuliza kasa anarudi kutaga akiwa na miaka mingapi. Nikamwambia ishirini, thelathini, wengine zaidi. Akaandika: "Njoo ukiwa mkubwa. Uwahi asubuhi."